Habari za Ukubwa wa Shule katika Nchi ya Uluguru

Neno "shule" tulilipata kwa Wadachi. Kabla yake watu wa pwani walisema "chuo", na maana yake ya kale ni kitabu. Basi asili ya jambo hili ni kitabu na mtu wa kukifundisha, wala si jumba. Waluguru nao walikuwa na mafunzo yao: mwali aliwekwa ndani, akafunzwa na wakubwa waliomjua yeye na ukoo wa mama yake.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1897 wakaanza misheni ya Matombo, milimani. Kutoka misheni za namna hii zilienea shule ndogo za vijijini, kila moja na mwalimu wake mmoja. Mwalimu huyo alimjua kila mtoto. Lakini akiugua yeye, shule nzima hufungwa. Udogo nao una umaskini wake.

Baadaye wingi ulikuja. Mwaka 1974 iliazimiwa huko Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Tena ada ilipoondolewa, wanafunzi wa shule za msingi nchini wakaongezeka toka milioni 4.8 mwaka 2001 hata milioni 7 mwaka 2004. Jambo hili lilikuwa jema, maana liliwaingiza watoto waliokuwa wakiachwa nje. Lakini walimu na madarasa hawakuongezeka kwa kadiri hiyo.

Mahali pa kulitazama jambo hili ni Msamvu, zinapokutana njia za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Watu wa manispaa ya Morogoro walikuwa zaidi ya 315,000 mwaka 2012, na mwaka 2022 walipita 471,000. Mji ukikua hivi, shule hujaa, na kipimo cha wanafunzi 45 kwa darasa huwa vigumu kukishika.

Je, dawa ni kupunguza idadi tu? Huko Tennessee, Marekani, tangu 1985 hata 1989, watoto wadogo waliowekwa 13 hadi 17 darasani walijifunza vizuri kuliko wenzao waliokuwa 22 na zaidi. Lakini magharibi ya Kenya, mwaka 2005, shule ziliongezewa mwalimu, na darasa la watoto 80 na zaidi likagawanywa mara mbili. Waliobaki na mwalimu wa zamani hawakuendelea sana kwa sababu ya uchache tu. Bali pale watoto walipogawanywa kwa kadiri ya ujuzi wao, wenye nguvu na wanyonge pia walipata faida, maana mwalimu aliweza kufundisha kwa kipimo chao.

Basi tusiisifu shule kwa udogo wake, wala tusiilaumu kwa ukubwa. Tuulize kwanza: mtoto anayekaa nyuma kabisa, asiyejua bado kusoma, yuko mwalimu anayelijua jina lake na mahali alipokwama? Asipokuwapo, mtoto huyo ameandikwa shuleni, lakini hajaingia chuoni.