Korti Iliyokufa 1977 Bado Inatuamulia

Ukiishi Tena, korti unayoijua ni Makadara. Huko ndiko kesi nyingi za Eastlands hupelekwa. Lakini kuna korti nyingine inayoingia kwenye kesi hizo kimyakimya, na hiyo ilifungwa 1977: Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki.

Waingereza waliianzisha 1902. Kabla yake, mtu wa Zanzibar akikata rufaa, karatasi zake zilivuka bahari hadi Bombay. Eneo la korti hii mpya lilizidi kupanuka: Kenya, Uganda, Zanzibar, Nyasaland, baadaye Tanganyika, na kuna miaka ilifika hadi Aden. Makao yakawa Nairobi, majaji wakizunguka Kampala na Dar es Salaam. Juu yao ilibaki London pekee.

Kwa babu zetu, korti hii haikuwa rafiki. Mwaka wa 1953, baada ya Kenyatta na wenzake kuhukumiwa Kapenguria, mawakili wao waligundua kwamba hakimu Thacker aliteuliwa kwa mkoa mwingine, si ule ambao Kapenguria ilikuwemo. Mahakama Kuu ikakubali, ikafuta kesi. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Rufaa, nayo ikaupindua uamuzi huo. Miaka mitatu baadaye ikaja zamu ya Dedan Kimathi. Alihukumiwa kifo Nyeri mwezi Novemba 1956. Kufikia mwisho wa Desemba rufaa yake ilikuwa imetupwa, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti.

Ungedhani uhuru ungeizika. Wapi! Mkataba wa Jumuiya wa 1967 uliibeba ikaendelea kuhudumia nchi tatu. Na mwaka wa 1970 ikaulizwa swali gumu: sheria ya Jumuiya ikigongana na Katiba ya Kenya, ipi inasimama? Ikajibu kwamba ni Katiba. Yaani korti ya kanda yenyewe ndiyo iliyosema kanda haiwezi kuipita nchi. Jumuiya ilipovunjika 1977, nayo ikaenda. Kenya ikaunda Mahakama yake ya Rufaa mwaka huohuo, Tanzania 1979.

Sasa fungua hukumu yoyote ya juzi, zipo bure mtandaoni. Nilikuwa nasoma moja ya mzozo wa ploti huku Eastlands, watu wawili wakidai kipande kimoja, na kabla hata ya ushahidi jaji alishataja Giella dhidi ya Cassman Brown, kesi ya 1973. Hapo ndipo yalipotoka maswali matatu anayoulizwa kila anayeomba amri ya kusimamisha jambo, hata kama ni tingatinga liko getini. Je, una kesi yenye mashiko? Je, utaumia kiasi ambacho pesa haziwezi kulipa? Na jaji akibaki na shaka, nani ataumia zaidi amri ikitolewa au ikinyimwa?

Na msee akifungwa Makadara akakata rufaa, jaji wa Mahakama Kuu hukumbushwa Okeno dhidi ya Jamhuri, ya 1972: asiishie kuangalia kama hakimu alikosea, apime ushahidi wote upya, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi.

Leo kuna korti nyingine Arusha, iliyozinduliwa 2001, lakini hiyo hushughulikia mkataba wa Jumuiya mpya. Haipokei rufaa ya mtu wa kawaida aliyefungwa Nairobi au Kampala.

Kwangu, urithi huu una pande mbili na sioni sababu ya kuficha mmoja. Korti iliyoitupa rufaa ya Kimathi ndiyo hiyohiyo iliyotuachia swali kuhusu madhara ambayo pesa haiwezi kulipa. Hatukuchagua majaji wake. Lakini maneno yao yanaamua kama utalala kwako usiku wa leo, kwa hivyo yasome kabla wakili wa upande wa pili hajakusomea.