Kijiji Ndani ya Jiji: Neno na Madai ya Ardhi Nairobi

Maneno kijiji, mji na jiji yana shina moja. Kinachoyatofautisha ni viambishi vya udogo na ukubwa. Kwa matumizi ya kawaida, kijiji kiko mashambani, nalo jiji ni makao ya serikali na biashara. Hata hivyo, historia ya Nairobi inadhihirisha kwamba vijiji vimo ndani ya jiji, na kwamba wakazi wake walilitumia jina hilo kudai haki.

Katika lugha rasmi, makazi hayo aghalabu huitwa mitaa ya mabanda au vitongoji duni. Majina hayo hutaja hali ya majengo, yakamwacha mkaaji kando. Na banda ni kitu cha kubomolewa. Mnamo Mei 1990, Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, ulibomolewa na ghasia zikazuka baina ya wakazi na askari. Ubomoaji na unyakuzi wa ardhi ya umma ulipozidi, wakazi wa sehemu mbalimbali waliunda Muungano wa Wanavijiji mwaka 1996. Uteuzi wa jina hilo una uzito: mwanakijiji ni mwana wa mahali, si mvamizi.

Baada ya maandamano na kesi, Muungano uliongeza vikundi vya akiba, na wakazi wakajihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba. Aliyekuwa hamo katika ramani za serikali akawa na takwimu mkononi. Mwaka 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa.

Sheria nayo ilibadilika. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya makazi. Kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, kilibomolewa mwaka 2011. Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wasio na ardhi wanaojenga makazi katika ardhi ya umma hawapati hati ya kuimiliki, bali hupata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Mwaka huohuo, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao.

Hata neno lenyewe lina mipaka yake. Mwanakijiji ni mwenye banda, na mwanakijiji ni mpangaji anayemlipa kodi kila mwezi. Mbele ya tingatinga wawili hao huwa kitu kimoja. Ardhi inapogawanywa, kila mmoja huuliza fungu lake.