Munganga wa Kijijini: Wauguzi katika Huduma za Afya za Msingi nchini Kongo

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Kongo, mgonjwa afikaye kwenye kituo cha afya haulizi kama yule mwenye koti jeupe ni daktari au muuguzi. Wote wawili humwita munganga. Mpenda usanifu wa lugha aweza kusema kwamba neno hilo linachanganya vyeo viwili. Lakini historia ya tiba nchini yaonyesha kwamba wananchi hawakukosea. Tangu enzi ya ukoloni hadi leo, katika vijiji vingi kazi ya daktari imefanywa na muuguzi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, na kwa nini afya ya msingi haiwezi kusimama imara pasipo kazi hiyo kutambuliwa kwa mafunzo, vifaa na mshahara.

2. Msaidizi asiyepewa cheo

Vita dhidi ya ugonjwa wa malale ndivyo vilivyomfanya muuguzi Mkongo kuwa mtu wa lazima. Vikundi vya tiba vilizunguka kijiji hata kijiji, shingo za watu zikipapaswa na damu yao ikitazamwa kwa hadubini. Daktari Mbelgiji ndiye aliyeongoza, lakini sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa mikononi mwa wauguzi wenyeji. Mwaka 1930 uliundwa mfuko wa FOREAMI, ulioanza shughuli zake katika Kongo ya Chini. Na mwaka 1936 ikafunguliwa mjini Léopoldville shule ya wasaidizi wa tiba. Wasaidizi hao walijifunza mengi ya udaktari, ila udaktari wenyewe hawakupewa.

Matokeo ya siasa hiyo yalionekana tarehe 30 Juni 1960. Siku ya uhuru, nchi nzima haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Ilikuwa na wasaidizi wa tiba zaidi ya 130 na wauguzi wengi. Madaktari Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, makumi ya wasaidizi walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo ya udaktari. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu walileta madaktari wa kigeni, lakini hao hawakutosha kufika kila mahali. Zahanati za vijijini zilibaki na wauguzi wake.

3. Kutoka Kasongo hadi zoni za afya

Jambo lililotokana na dhiki liligeuzwa kuwa mpango katika miaka ya 1970. Kasongo, katika Maniema, wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp pamoja na wafanyakazi wenyeji walijaribu utaratibu huu: muuguzi aongoze kituo cha afya kilicho karibu na watu, atibu kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa wazi, naye daktari wa hospitali amtembelee, amshauri na kuwapokea wagonjwa waliomshinda. Mkutano wa Alma-Ata ulipotangaza siasa ya afya ya msingi mwaka 1978, Zaire ilikuwa tayari na mfano wake.

Katika miaka ya 1980 serikali iligawanya nchi katika zoni 306 za afya. Leo idadi yake imepita 500. Kwa mpango huo, kila zoni inapaswa kuwa na daktari mkuu na hospitali ya rufaa, na chini yake vituo vya afya. Msimamizi wa kituo kwa kawaida ni muuguzi. Hutibu malaria na kuhara, huchanja watoto, huwapima wajawazito, huhesabu dawa na kuandika ripoti ya mwezi.

4. Mzigo bila nyenzo

Hata hivyo, kumpa mtu wajibu si sawa na kumpa nyenzo. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote. Ebola ilienea kwa njia hiyo, na kati ya watumishi 17 wa hospitali hiyo, 11 walifariki. Kikwit, mwaka 1995, takriban robo ya wagonjwa 315 walikuwa watumishi wa afya. Mahali pote pawili, waliokuwa karibu zaidi na mgonjwa ndio waliokuwa na kinga haba zaidi.

Kukatika kwa misaada ya nchi za nje mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na mfumuko wa bei, kulifanya mshahara wa serikali uwe jina tu. Muuguzi akaishi kwa malipo ya wagonjwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sasa mgonjwa huulizwa fedha kwanza. Tusimlaumu muuguzi peke yake: aliyeachwa bila mshahara hawezi kuwa mlinzi wa maskini, maana maskini ndiye anayemlisha.

5. Tamati

Mwaka 2016 sheria iliunda Baraza la Wauguzi. Hiyo ni hatua ya heshima, lakini haijafika mwisho wa safari. Shule za uuguzi ni nyingi, nao wahitimu hurundikana mijini, wengine wakifanya kazi bila malipo, ilhali vituo vya mbali vina uhaba. Kuongeza wahitimu tu hakutaponya ugonjwa huu. Yanahitajika mambo matatu: mshahara unaomfikia muuguzi hata kijijini, mafunzo yanayomwandaa kupima na kuamua, wala si kutii amri tu, na daktari wa zoni anayefika kituoni kwa kufundisha, si kwa kukagua daftari pekee.

Ukoloni ulimfundisha muuguzi kazi ya daktari ukamnyima cheo. Dola huru nayo imemkabidhi kituo na mara nyingi kumnyima ujira. Wananchi, kwa kumwita munganga, wamekwisha kutamka anachokifanya. Wajibu wa serikali ni kumlipa kwa kazi hiyo.