Grafu ya kutolingana kwa kipeo cha pili

Grafu ya kutolingana kwa kipeo cha pili ni mchoro wa nukta zote zinazotimiza sharti lenye x² na mojawapo ya alama <, >, ≤ au ≥. Mlinganyo y = ax² + bx + c hutoa parabola peke yake; kutolingana huchukua upande mzima wa parabola hiyo. Parabola huchorwa bila kukatika pale alama inapokuwa ≤ au ≥, na kwa vistari vilivyoachana pale inapokuwa < au >. Kisha hujaribiwa nukta moja isiyo kwenye parabola: ikitimiza sharti, upande wake ndio unaotiwa kivuli.

Tuseme mfugaji wa Mugumu, wilayani Serengeti, ana waya wa mita 100 na anataka boma la mstatili lisilopungua mita za mraba 600. Upana ukiwa x, urefu ni 50 − x. Sharti lake, x(50 − x) ≥ 600, hugeuka kuwa (x − 20)(x − 30) ≤ 0. Parabola y = (x − 20)(x − 30) haivuki juu ya mhimili wa x kati ya 20 na 30, basi upana wowote wa mita 20 hadi 30 unafaa. Kosa la kawaida ni kuandika 20 na 30 tu, kana kwamba swali lilikuwa la mlinganyo.

Mfano mzito zaidi unahusu uhai wa watu. Katika machimbo ya wazi, kama yale ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, wilayani Tarime, mwamba hupasuliwa kwa baruti na mawe huweza kuruka. Jiwe linalorushwa kwa mita 40 kwa sekunde, kwa pembe yoyote, huweza kufika popote penye y ≤ 80 − x²/320, na si nje ya hapo. Hapa x ni umbali wa mlalo kutoka kwenye mlipuko, y ni kimo, vyote kwa mita; mchapuko wa mvutano wa dunia, g, umechukuliwa kuwa 10 m/s², na ukinzani wa hewa umeachwa. Parabola hii inayofunika njia zote za jiwe ilielezwa na Mwitalia Evangelista Torricelli mwaka 1644. Kasi halisi hutegemea baruti na mwamba, lakini umbo la eneo la hatari ni lilelile.

Kwenye usawa wa mlipuko hatari hufika mita 160. Juu ya kilima cha mita 60 hukomea mita 80. Shimoni, mita 100 chini ya mlipuko, hufika mita 240. Duara moja la mita 160 kwenye ramani lingemwacha mchimbaji wa huko chini, aliye nje ya duara hilo, bado ndani ya eneo la hatari.