Amfisioni: si mbwa, si dubu

Amfisioni ni mnyama mla nyama wa ukoo uliotoweka zamani sana. Jina lake ni la Kigiriki, lenye maana ya mbwa wa pande mbili, na kweli meno yake yanakumbusha mbwa huku mwili wa baadhi yao ukiwa mzito kama wa dubu. Anayefasiri kutoka lugha za Ulaya hushawishika kumwita mbwa-dubu. Mimi nalikataa jina hilo.

Sisi wa mkoa wa Mara tuna sababu ya kulijali jambo hili. Toka Mwisenge, Musoma, ufuate ufuko wa Ziwa Victoria kwenda kaskazini. Ukishavuka mpaka wa Kenya utafika Karungu, na mbele yake kisiwa cha Rusinga. Huko Rusinga, majivu ya volkano ya Kisingiri yalifukia mifupa ya wanyama miaka milioni 18 hivi iliyopita, ziwa lenyewe likiwa bado halijakuwapo. Mwaka 1965 R. J. G. Savage alichapisha uchunguzi wake wa wala nyama wa Afrika Mashariki wa kipindi hicho cha Miosini, amfisioni wakiwamo. Mwaka 2019 mmoja wao, mkubwa hasa, alipewa jina la kisayansi Cynelos jitu. Hilo jitu ni Kiswahili chetu.

Sasa, kwa nini asiitwe mbwa-dubu? Kwa sababu ukoo hutambuliwa kwa mifupa na meno, si kwa umbo la nje. Amfisioni wengi walikuwa na magego ya nyuma matatu kila upande wa taya la juu, ilhali mbwa na dubu wana mawili tu. Mfupa unaofunika sikio la ndani nao ulikuwa wa namna ya kale. Wataalamu waliwahi kuwaweka pamoja na mbwa, wakaja kuwasogeza karibu na dubu, na siku hizi wapo wanaowaweka kwenye shina kabisa, kabla mbwa na dubu hawajaachana. Jina linalotaja wanyama wawili hai linamfanya mwanafunzi aamini kuwa amfisioni ni mahuluti.

Dubu halisi naye amewahi kuishi kwetu Afrika. Visukuku vya Agriotherium, dubu mkubwa, vimepatikana magharibi mwa Uganda, na vingi zaidi Langebaanweg, Afrika Kusini. Huyo aitwe dubu bila wasiwasi, kwani ukoo wake ni huo.

Kiswahili kimeshaumia kwa majina ya sura. Fisi maji si fisi hata kidogo. Ukoo wake ni mmoja na wa nyegere na kicheche. Vivyo hivyo Simbakubwa kutokaafrika, aliyetangazwa mwaka 2019 kutokana na taya lililokuwa limehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi, si simba. Ni wa kundi la hayenodonti, ambalo halikuacha kizazi. Jina lake limeshasajiliwa na halibadiliki tena, lakini istilahi zetu bado ziko mikononi mwetu.

Fisi maji tumemzoea na hakuna atakayembadilishia jina. Amfisioni bado ni mgeni, na mgeni ni rahisi kumpa jina sahihi tangu mwanzo. Nawaomba waandishi wa vitabu vya biolojia na walimu wa sekondari, wa Musoma, Bunda na Butiama na kwingineko, waandike amfisioni, kisha waeleze kwa sentensi moja kuwa ni mla nyama wa kale aliyekuwa na ukoo wake mwenyewe.