Kugeuka ndani ya mnara wa upepo: kugumu ni kusimama

Wakazi wa Bwiza wenye ndugu wanaofanya kazi nchi za Ghuba huenda wamewahi kutumiwa picha ya mtu akielea kifudifudi ndani ya chumba cha kioo. Chumba kimoja cha namna hiyo, CLYMB cha Abu Dhabi, kilifunguliwa mwaka 2019 na kina upana wa karibu mita 10. Feni kubwa hupandisha hewa, na upepo wa takriban kilomita 190 kwa saa hutosha kumbeba mtu mzima.

Mwanafunzi hujifunza kwanza kutulia: kidevu juu, mikono na miguu imekunjwa kidogo, sawasawa pande zote. Mguu mmoja ukikunjwa kuliko mwenzake, mwili huzunguka pasipo kutaka.

Ili kugeuka kulia, mkono wa kulia hushushwa kidogo na wa kushoto huinuliwa. Hilo ni jepesi. Taabu ni kusimama, kwani kurejesha mikono mahali pake hakuzuii mzunguko ulioanza, na ukuta hauko mbali. Basi kabla ya kufika anapokusudia, mwanafunzi huinamisha mikono upande wa pili kwa kitambo, kisha hujisawazisha, macho yakiwa kwenye alama moja nje ya kioo. Huanza kwa robo ya mzunguko.

Kelele humfanya hata msemaji hodari kuwa bubu, hivyo mwalimu hutumia vidole: viwili vilivyonyooka humaanisha nyoosha miguu, vilivyopinda, ikunje. Aliyewahi kuteguka bega humweleza mwalimu kabla ya kuingia.