Kuzidi na Upeo: Majina ya Vivumishi vya Kiingereza

Anayeanza Kiingereza huandika "Kilimanjaro is high than Mount Kenya", mwalimu akamsahihisha kwa kumkumbusha kiambishi -er. Keshoye huandika "Kilimanjaro is the highest than all mountains in Africa". Makosa hayo mawili si ya uzembe, maana yote mawili ni Kiswahili safi kilichovishwa maneno ya Kiingereza: mlima huu ni mrefu kuliko ule; mlima huu ni mrefu kuliko yote. Kiswahili hakikigusi kivumishi, isipokuwa kukipatanisha na ngeli. Mzigo wa kulinganisha huubeba "kuliko", na tofauti kati ya kumzidi mmoja na kuwazidi wote hujulikana kwa kile kinachotajwa baada yake. Kiingereza hulibadilisha neno lenyewe: high, higher, highest. Istilahi tunayompa mwanafunzi, basi, ina wajibu wa kumwonyesha kile ambacho lugha yake haikumzoeza kukitafuta.

Kwa umbo kama higher, jina linalokuja upesi ni kivumishi linganishi. Naona halifai. Mzizi wake ni kulingana, na vinavyolingana ni sawasawa, ilhali Kiingereza kina muundo wake mahususi wa usawa, as high as, ambao kivumishi chake hakibadiliki hata kidogo. Higher husema kinyume cha usawa. Kilimanjaro una mita 5,895 na Mlima Kenya mita 5,199. Neno higher linazungumzia zile mita 696 zilizobaki juu, basi. Wala halidai kwamba mshindi ni mrefu: kichuguu kimoja chaweza kuwa higher than kingine, na vyote viwili vikawa vifupi. Kitendo hicho Kiswahili kimekwisha kukipa jina kwa vitenzi vyake vya kila siku, kuzidi, kupita na kushinda. Napendekeza umbo hilo liitwe kivumishi cha kuzidi. Tusiseme kizidishi, kwa kuwa kuzidisha ni mali ya hesabu.

Kwa highest mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwani tafsiri ya haraka ni "-refu sana". Sana hupima kitu peke yake. Highest hukipima ndani ya kundi. Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470. Ni the deepest lake in Africa, lakini ukiandika the deepest lake in the world umekosea, kwa sababu Baikal la Urusi linalizidi. Kina ni kilekile, maji ni yaleyale; kilichobadilika ni kundi tu, na sentensi imegeuka kuwa uongo. "Lina kina kirefu sana" ni kweli popote utakaposimama. Ndiyo maana nachagua kivumishi cha upeo. Upeo ni mwisho wa kitu, na mwisho hauwi mwisho bila eneo, kwa hiyo jina lenyewe linamlazimisha mwanafunzi aulize: upeo wa wapi, au miongoni mwa nani? Hapo in Africa na of the three hupata nafasi yake, na than hukosa kazi. Hata the inaelezeka, kwani mara nyingi hukaa pale ambapo Kiswahili kingeweka ndiyo au ndiye: Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko yote Afrika.

Kuna watakaosema kwamba linganishi limekwisha kukaa katika taaluma, kama katika isimu linganishi. Ni kweli, na huko linafaa, maana wanaisimu huziweka lugha bega kwa bega bila kutafuta mshindi. Acheni basi ulinganishi uwe jina la somo zima, na usawa, kuzidi na upeo viwe vyumba vyake. Wengine watahoji kama anayeanza anahitaji istilahi yoyote. Si mifano ingetosha? Mifano ingetosha kama asingekuwa na lugha nyingine kichwani. Anayo, na inafanya kazi kila sekunde. Jina likimwambia kwamba taller tayari limekwisha kuzidi, ataona mwenyewe kwamba more taller linazidi mara mbili, ingawa Waingereza wa enzi za Shakespeare waliandika hivyo bila kuona haya. Na Kiswahili kina mfano wa karibu: afadhali, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako umbo lake hubeba maana ya kuzidi ndani yake. Tunasema "afadhali uji kuliko njaa", na hakuna anayehisi pengo la zaidi hapo.

Pingamizi lenye uzito hasa ni less. Kitu kilicho less expensive hakizidi, kinapungukiwa. Je, kitaitwaje cha kuzidi? Hakitaitwa hivyo. Kiingereza chenyewe kimekitenga, kwa kuwa hakuna kiambishi cha kupungua kinachobandikwa kwenye kivumishi kama -er. Upungufu husemwa kwa neno la pembeni, less au least, liwe fupi au refu lile linalofuata. Kwa mwezi wa kwanza wa masomo ningeliacha kabisa, kwani anayetaka kusema less expensive anaweza kusema cheaper. Likifika zamu yake liitwe umbo la kupungua, na lifundishwe siku yake peke yake.